Mafaili yapo, wenyewe hawaji: niliwapigia simu wagonjwa wa kliniki ya macho, haya ndiyo waliyonijibu

#1 Mtunza Mafaili

Habari za muda huu wakuu. Mimi si daktari. Nakaa masijala ya kliniki ya macho kwenye hospitali moja ya mkoa huku Kanda ya Kati, kazi yangu ni kutoa mafaili asubuhi na kuyarudisha jioni. Hospitali siitaji, msihangaike kunibana.

Nyuma ya meza yangu kuna kiti cha plastiki cha bluu. Hapo ndipo naweka mafaili ya waliotakiwa kuja wasije. Siku nyingine yanakaa vizuri tu. Jumanne, siku ya presha ya macho, yanapanda hadi mikono ya kiti halafu yanaanza kuteleza. Daktari akipita anayatazama, anasema "wamesahau tena hawa," anaenda zake. Na mimi kwa miaka nilimeza hivyohivyo: wamesahau.

Mwezi wa pili bodaboda ilinivunja kifundo cha mguu (hadithi ndefu), nikapangiwa wiki tatu za kukaa mezani bila kupanda ngazi. Nikamwomba sista wa zamu ruhusa, nikaanza kupiga simu kwa vocha yangu. Nilianza na faili la juu kabisa, nikashuka.

Kwanza, namba zenyewe. Mafaili ya kabla ya 2020 ni kama hayana namba. Januari ile laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilizimwa, wazee wengi wakaishia na laini mpya, sisi huku tumeganda na ile ya zamani. Zinazoita, anapokea mjukuu aliyeko Dar: "Bibi yuko kijijini, mimi nilimsindikiza mara moja tu."

Sasa waliopatikana.

Bibi mmoja simu yake alipokea mtoto wa darasa la sita. Nikamwambia tarehe ya bibi ilikuwa 21 Januari. Akasema hapana, bado, kadi anayo mkononi, imeandikwa 6/12, yaani tarehe sita mwezi wa kumi na mbili. Nikavuta faili. Wakuu, 6/12 ndiyo uonaji wa jicho lake la kulia! Kwa wasiojua: maana yake kile ambacho mwenye macho mazima anakisoma akiwa mita 12, yeye mpaka asogee mita 6. Daktari ameiandika juu kabisa, kubwa, kwa kalamu nyekundu. Tarehe ya kurudi iko chini pembeni, herufi za mchwa. Mtoto akaendelea: "Na hii ya pili nadhani mmekosea, mmeandika 6/60, hakuna mwezi wa sitini."

Nilicheka mpaka sista akaja kuuliza kulikoni. Nilipomweleza hakucheka.

Mzee mwingine alinijibu kwa upole kabisa: "Nilikuja mwanangu, mlikuwa mmefunga." Kwenye kadi tulimwandikia 8:00. Nyumbani wakamsomea saa nane. Alifika saa saba na nusu mchana, amewahi kabisa, akakuta mfagiaji. Kliniki yetu inaanza saa mbili asubuhi na saa saba inakuwa imekwisha. Hakugomba na mtu. Alikaa kwenye benchi akapumzika, akarudi kwao, na nauli ikawa imekwenda hivyo.

Yupo baba mmoja kijiji chao gari linakuja mjini siku moja tu kwa wiki, Alhamisi, siku ya mnada. Linashusha watu na mbuzi, jioni linarudi. Sisi tumempa Jumanne. Jumanne maana yake bodaboda mbili mpaka lami (yake na ya mwanawe), basi, kulala mjini. Aliniuliza kwa utaratibu: "Hivi macho yanapimika Jumanne tu?" Sikuwa na jibu.

Mama mmoja akasema yeye alishamaliza dozi. Chupa ya matone iliisha, akaona amepona, kama mtu anavyomaliza vidonge vya malaria.

Waliosahau kweli je? Wapo, wawili watatu. Lakini kitu kilichonikaa ni hiki: karibu kila jibu lilikuwa na mtu wa pili ndani yake. "Kijana alikuwa analima." "Binti alijifungua." "Mjukuu alikuwa na mtihani." Asiyeona vizuri haji kliniki, analetwa. Kwenye kadi yetu kuna jina moja, na hakuna siku hata moja tuliyowahi kuuliza: nani atakuleta, na yeye ana nafasi lini?

Nataka kusikia kwenu. Aliyewahi kuruka tarehe ya macho, au aliyemwacha mzazi wake akairuka, aseme tu. Humu hatujuani. Nawasilisha.

#2 Kiti cha Mbele

Mwezi wa sitini 😂😂 Nimekaa hapa, naendelea kusoma.

#3 Mzee wa Nidhamu

Mleta uzi una huruma mno. Hao unaowatetea, siku mwanasiasa akija na kofia na kanga wanafika saa kumi na mbili asubuhi, vipofu kwa viziwi. Msiba wa jirani wa wilaya ya pili wanafika. Harusi wanafika. Tarehe ya daktari ndiyo inakosa gari? Watanzania hatuthamini afya mpaka kitu kife. Wangetozwa faini waliokosa tarehe, mngeona kiti cha bluu kinavyobaki kitupu.

#4 Mkwe wa Kwanza

Mzee wa Nidhamu, shikamoo, lakini ngoja nikueleze, maana mimi ndiye huyo "mtu wa pili".

Mama mkwe ana presha ya macho, macho yote mawili. Tuko Morogoro. Watoto wake ni watano: wawili Dar, mmoja Mwanza, mmoja mahali ambapo hatupajui vizuri, na mume wangu. Tarehe ya mama ikikaribia, kwenye kundi la familia la WhatsApp kila mtu anaandika "tumsaidie mama". Mwanza anatuma hela ya dawa na picha ya muamala. Dar wanatuma mikono ya kuomba. Mume wangu yuko kazini. Anayempeleka ni mimi, fundi cherehani, na cherehani nisipoikanyaga siku hiyo hakuna anayenilipa.

Sasa siku yenyewe. Tunatoka saa kumi na moja alfajiri ili tupate namba ya mbele. Dirisha la wazee lipo, na ni kweli wazee wanapishwa, sikatai. Lakini dirisha la wazee ni la malipo na faili. Ukishafika kwenye korido ya macho wote ni wazee! Nani ampishe nani? Anapimwa kusoma herufi, anakaa. Anapimwa presha ya jicho, anakaa. Anawekewa dawa ya kupanua mboni, hapo ndiyo mnakaa hasa, nusu saa, saa nzima, mpaka mboni zifunguke. Akitoka kwa daktari ule mwanga wa mchana unamchoma, haoni hata hatua mbele yake, mpaka jioni. Nampandisha daladala kama ninampandisha mtoto. Mara moja kondakta alituhimiza, "harakisha mama, harakisha," mama akakanyaga hewa. Goti lile mpaka leo linamsumbua, na tangu siku hiyo tarehe ikikaribia anaanza kuumwa tumbo.

Hakuna aliyetuambia mapema kwamba siku ile atawekewa hiyo dawa. Kama ningejua ningekuja na kofia na hela ya bajaji.

Kwa hiyo tarehe mbili zimeruka, ndiyo. Ya kwanza nilikuwa na sare za shule za watu, Januari. Ya pili sikuwa na kisingizio. Nilichoka tu. Niliamka alfajiri nikamwangalia amelala, nikarudi kulala. Hilo hata mume wangu halijui.

#5 Kiti cha Mbele

Dada Mkwe, pole sana. Na hongera kwa kusema.

#6 Sista Matone

Mimi nimefanya kliniki za macho miaka kadhaa, sasa niko wodi nyingine, kwa hiyo naongea bila kuogopa.

Ugonjwa unaoongoza kwa kukimbiwa ni huohuo, presha ya macho, na ukiuangalia unavyofanya kazi utawaelewa watu. Wengi wao hauwaumi. Haukuletei uwekundu wala machozi. Shinikizo ndani ya jicho linakula mshipa wa fahamu polepole, na uonaji unaanza kuliwa pembeni. Katikati anaona vizuri, anachambua mchele, anahesabu chenji. Anachojua ni kwamba siku hizi anajikwaa kwenye stuli na anagonga bega kwenye mlango. Analaumu stuli. Akija kushtuka, anachungulia dunia kwa tundu la mwanzi.

Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Matone yanalinda kilichobaki, basi. Sasa jiweke wewe: unatoa nauli, unakaa siku nzima, unaweka dawa inayowasha asubuhi na jioni, na miezi mitatu baadaye huoni tofauti yoyote. Wa mtoto wa jicho yeye anafunguliwa bandeji kesho yake anamwona mwanawe, analia. Wa presha ya macho zawadi yake ni kwamba hakikutokea kitu. Tusipomkalisha tukamweleza siku ya kwanza, haji, na kukaa naye huko hatukai kwa sababu nyuma yake kuna watu sitini.

Ila hata hao wa mtoto wa jicho wanapotea, kwa sababu nyingine. Anaona, arudi kufanya nini? Kumbe anatakiwa aonekane kesho yake, halafu baada ya wiki moja au mbili, halafu karibu mwezi na nusu. Wengine baada ya miezi au miaka nyuma ya ile lenzi kunajenga ukungu, mtu anasema operesheni imeharibika, anakaa nayo nyumbani. Ukungu ule unaondolewa kwa leza, dakika chache, bila kisu. Na jicho lililofanyiwa upasuaji likianza kuuma, kuwa jekundu na kufifia siku za mwanzo, huyo asingoje tarehe ya kwenye kadi hata kidogo, aje siku hiyohiyo.

Mzee wa Nidhamu, kuhusu faini: mtu aliyekosa tarehe kwa sababu ya nauli, ukimwongezea faini umemfukuza.

#7 Semi Tela

Humu hatujuani, haya.

Naendesha malori, Dar–Tunduma na kuvuka. Nilipimwa macho kwenye kambi stendi, wakaniambia presha iko juu, niende hospitali. Nikaenda, nikapewa matone, nikapewa tarehe. Sikurudi. Si nauli, nauli ninayo. Si msindikizaji. Niliogopa daktari atanipima ule uonaji wa pembeni, aandike, karatasi ifike kwa tajiri au kwenye leseni, na mimi nina watoto wanne. Nikajiambia bora nisijue.

Halafu ile dawa ilikuwa inanikaba kifua usiku. Nina pumu tangu utoto. Nikaitupa dirishani maeneo ya Mikumi. Ni mwaka na miezi sasa.

#8 Sista Matone

Semi Tela kaka yangu, chupa hiyo iliandikwa timolol? Kama ndiyo, wewe hukuwa mzembe kuiacha. Timolol haifai kwa mwenye pumu, tone la jicho linashuka kupitia njia ya machozi puani, linaingia kwenye damu, linabana kifua na linaweza kupunguza mapigo ya moyo. Ulitakiwa kuulizwa siku ileile kama una pumu, na wewe ulitakiwa kurudi ukaseme. Zipo dawa nyingine, iko ya tone moja kila usiku, ni ya bei juu zaidi lakini haigusi kifua namna hiyo. Rudi. Neno la kwanza ukifika useme "nina pumu".

Na wote mnaoweka matone: ukishadondosha tone, funga jicho, bana kona ya jicho upande wa pua kwa kidole dakika mbili. Dawa inabaki jichoni, koo halipati uchungu.

Hilo la leseni sitakudanganya, mimi si mtu wa leseni. Ila najua dereva asiyeona pembeni haoni mtoto anayetoka kushoto.

#9 Semi Tela

Nimesoma. Hilo la mtoto wa kushoto limenikaa.

#10 Barza ya Ngamiani

Assalaam alaykum. Hapa Tanga tuna sababu ambayo hamjaigusa. Mwezi wa Ramadhani kliniki zinapwaya. Mzee anasema dawa ya jicho inafunguza, maana anaihisi uchungu kooni, basi anaiacha mwezi mzima, na tarehe ikiangukia humo haendi asije akawekewa. Sikukuu ikipita anaona aibu kusema alikatiza, haendi tena.

Marehemu baba yangu alikuwa hivyo mpaka shekhe wa msikiti wetu alipomweleza. Sisi ni Mashafii, na kwa madhehebu ya Shafii jicho halihesabiwi kuwa tundu lililo wazi la kupitisha kitu kwenda ndani, ndiyo maana wanja haufunguzi na dawa ya jicho haifunguzi. Baraza la Fiqhi la Kimataifa nalo lilipokaa Jeddah 1997 lilipitisha kuwa matone ya macho hayabatilishi saumu, ila mtu asimeze makusudi kinachofika kooni. Na hiyo mbinu ya sista ya kubana kona ya jicho inamaliza maneno yote.

Aliyemrudisha baba kliniki si daktari, ni shekhe. Ningekuwa mimi bosi wa kliniki, mwezi wa Shaabani, kabla Ramadhani haijaingia, ningepita misikitini.

#11 Mwalimu wa Kitale

Salamu kutoka Kenya. Mimi ni mwalimu hapa Trans Nzoia na jambo hili lilifanyiwa jaribio kwenye shule za kwetu. Walimu walifundishwa kupima macho ya watoto kwa programu ya simu, Peek. Tofauti haikuwa kwenye kupima tu. Shule za upande mmoja, mtoto aliyeonekana na tatizo alipewa karatasi ya kawaida ya rufaa. Upande wa pili, mzazi alipelekewa karatasi yenye picha inayoonyesha jinsi mtoto wake anavyoona ubao, ukungu mtupu, halafu meseji za kumkumbusha zikamfuata kwenye simu. Matokeo yalichapishwa 2018: wa karatasi ya kawaida waliofika hospitali ni 22 katika kila 100. Wa picha na meseji ni 54.

Mimi huwa nawaambia wenzangu waangalie namba hiyo pande zote mbili. Kukumbushwa kumeongeza zaidi ya mara mbili, ni kweli. Lakini hata baada ya picha na meseji zote, 46 hawakufika. Meseji hailipi matatu.

#12 Kibano

Mimi natoka Kongwa. Kwetu vikope, yaani trakoma, vimefanyiwa utafiti tangu miaka ya 1980, watafiti wameota mizizi, kila mtu anajua maana ya trakoma. Na bado bibi zetu ambao kope zimegeukia ndani kwa ugonjwa huo wakipewa siku ya kufanyiwa upasuaji hawaendi. Kwa nini? Kwa sababu wana kibano. Kila nyumba. Kope ikichoma, mjukuu anaitwa juani, anaing'oa, bibi anapata nafuu wiki mbili tatu. Ikiota tena, anaitwa tena. Bibi yangu alikuwa akisema, "Niende nikakatwe, na wewe unaona vizuri hivyo?" Yaani macho yangu ndiyo yalimfanya asiende.

Na maneno ya kijiweni yapo: eti wanalitoa jicho wanaliweka kwenye sahani, wanaliosha, wanalirudisha. Wengine wanasema la mbuzi. Mtu mmoja aliyefanyiwa akapona kijijini anafaa kuliko matangazo ya redio mia.

#13 Mama Pacha Moshi

Naongeza la watoto. Mwanangu mmoja alifanyiwa mtoto wa jicho akiwa mdogo. Nilidhani watoto wakishafanyiwa yameisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza: miwani, kuziba jicho zuri kwa saa kadhaa ili lile bovu lijifunze, kurudi na kurudi. Ukiacha, jicho limepona lakini ubongo hauliitikii. Mimi nilirudi kwa sababu mbili tu. Kuna dada alikuwa ananipigia simu kwa jina langu, na safari mbili walinirudishia nauli. Baadaye nikaja kujua kuwa hapa Moshi kituo cha huduma ya macho kwa jamii, KCCO, kilishughulika hasa na jambo hilo, kuwafuatilia watoto kwa simu na kurudisha nauli, na kikaona wazazi wanarudi zaidi.

Kingine cha hapahapa, sista atanisahihisha: hospitali ya KCMC walilinganisha leza na matone ya timolol kwa wagonjwa wa presha ya macho, ikatoka 2021. Baada ya mwaka mmoja macho ya leza yaliyofikia lengo yalikuwa asilimia 61, ya matone 31.

#14 Sista Matone

Uko sahihi mama, na mimi ndiyo utafiti ninaoupenda kuliko yote. Hao walitibu wakijua kwamba mgonjwa chupa itamwishia na hatapata nyingine kijijini. Leza wanampiga akiwa yupo pale kitini. Si kwamba harudi kabisa, bado anatakiwa kupimwa, lakini akichelewa miezi miwili jicho halikai bila kinga. Shida mashine hizo ziko hospitali chache.

#15 Mzee wa Nidhamu

Haya, nami niseme, maana mmenizunguka.

Nilimpeleka kaka yangu mkubwa kufanyiwa mtoto wa jicho. Siku ya kwanza wakapima presha ya damu, iko juu, rudi wiki ijayo. Sawa, ni usalama wake. Wiki ijayo daktari yuko semina, hakuna aliyetupigia simu, tumekuta karatasi mlangoni. Karatasi! Mlango wa kliniki ya macho! Nikamsomea mimi. Mara ya tatu lenzi za kipimo chake zimeisha. Mara ya nne kaka alikataa kutoka ndani, na mimi nikamwita mkaidi mbele ya wanawe.

Msimamo wangu wa faini nauacha kwa sasa. Lakini na hospitali inayokosa tarehe yake, kiti chake cha bluu kiko wapi?

#16 Kiti cha Mbele

Mzee leo umetupiga.

#17 Mtunza Mafaili

Nimerudi, wiki mbili zimepita, plasta nimetolewa.

Kilichofanyika ni kidogo, msitarajie makubwa. Nimenunua kalamu nene nyeusi. Tarehe ya kurudi sasa naiandika mimi mwenyewe mgongoni mwa kadi, peke yake, kwa maneno: JUMANNE, MWEZI WA TANO TAREHE 13, SAA MBILI ASUBUHI. Nauliza pia namba ya anayemleta, si ya mgonjwa peke yake. Na nauliza mnada wao ni siku gani. Wengine wananitazama kama nimechanganyikiwa. Pia, dada Mkwe, kama safari ijayo kuna dawa ya kupanua mboni nachora kofia kwenye kona ya kadi na kuwaambia maana yake. Nimeiba kwako.

Daktari mwanzo alisema ninajipa kazi. Nikamwonyesha 6/12 ya yule mtoto. Alikaa nayo kidogo, halafu akasema wa upande ule wa mnada waje Alhamisi, ni siku ya operesheni lakini atawaona kabla hajaingia ndani. Alhamisi iliyopita walikuja wanne, mmoja na kuku.

Bibi naye alikuja, na mjukuu wake, ambaye siku hiyo alitakiwa awe shule. Kajamaa kafupi, kana maswali. Bibi alipotoka kwa daktari kakaomba kadi, kakasoma, kakaniuliza, "Mbona sasa wameandika 6/18?" Nikamwita sista amweleze yeye.

#18 Bint Nzega

Mtunza Mafaili, samahani kwa kuingilia, mimi huwa nasoma tu siandiki. Mama yangu tarehe yake ilipita tangu mwezi wa kumi mwaka jana. Presha ya macho. Mwanzoni ilikuwa nauli, sasa nauli ipo lakini hataki, anasema nesi atamfokea mbele za watu, "ulikuwa wapi siku zote hizo", aliwahi kufokewa hivyo kliniki nyingine. Je, faili lake bado lipo au aanze upya? Na atafokewa?

#19 Mtunza Mafaili

Bint Nzega, karibu. Faili lipo, hatuchomi. Hata akija bila kadi, jina na mwaka aliokuja vinatosha kulitafuta, tutapata vumbi kidogo lakini litapatikana. Haanzi upya. Asingoje apewe tarehe mpya kwa simu, aje tu siku ya presha ya macho ya hospitali yenu, mapema, na aje na chupa zote za dawa alizokuwa anatumia, hata tupu, hata zilizofutika maandishi, kwa sababu daktari wa kwanza atakachouliza ni hicho.

Kufokewa siwezi kukuahidi kwa niaba ya hospitali nisiyoijua. Kwetu huku nesi akianza, namwambia anisaidie kutafuta faili. Wewe ingia naye ndani, usibaki kwenye benchi. Wakiuliza alikuwa wapi, jibu wewe: ndiye mimi niliyechelewa kumleta. Halafu na wewe omba upimwe hukohuko, ugonjwa huu unatembea kwenye damu ya familia.

#20 Bint Nzega

Mimi nina miaka 34, na mimi nipimwe?

#21 Sista Matone

Na wewe, mdogo wangu. Na ndugu zako wa tumbo moja. Ila siku hiyo mtafute mtu wa tatu wa kuwarudisha nyumbani, maana mtakuwa mmewekewa dawa ya mboni wote wawili.